Kifungo cha Koti Juu ya Bastola ya Bluu

Karatasi ya kwanza niliyorudi nayo kutoka kwenye shabaha, kaka yangu aliibandika kwenye friji, katikati ya michoro ya wanawe. Nikamwomba aitoe. Akasema haiwezekani, nyumba hii wasanii wote wanapewa nafasi sawa.

Karatasi yenyewe ina kivuli cha mtu, na kifuani pake kumechorwa boksi. Risasi zinatakiwa zikae ndani ya boksi. Zangu zilizotoka nje zilikuwa chini kushoto, zimejazana karibu na nyonga kama watu wanaogombania mlango mmoja.

"Huyu hujamuua," kaka akasema, chai mkononi. "Umemharibia mkanda tu."

"Kaka, niache."

"Nauliza kwa nia njema. Alikukosea nini huyu mtu, hapo nyongani?"

Wifi yangu, mke wake, alikuwa anakaanga mayai. Hakugeuka. "Mwache mwenzio ale. Si ameshafeli, bado unataka nini tena?"

Hivyo ndivyo wifi alivyokuwa ananitetea. Ukimaliza kutetewa na yeye unatafuta plasta.

Sasa nieleze kwa nini lilikuwa linaniuma. Mimi ni mlinzi. Kabla ya hapo nilifanya usafi maofisini miaka mitatu, nikachoka kunusa dawa za vioo, nikahamia kampuni ya ulinzi. Mlinzi asiye na silaha kwenye kampuni yetu anawekwa nje. Nje yenyewe ni kibanda kwenye paking ya maghala, vioo pande tatu, na ndani yake kuna hita yenye ukubwa wa boksi la viatu. Ile hita inapasha kifundo kimoja cha mguu. Kimoja. Kila asubuhi nilikuwa nachagua mguu upi uishi.

Na koti langu lilikuwa limekatika kifungo cha katikati, kile cha tumboni, ambacho ndicho upepo wa Minnesota unakitafuta. Kifungo ninacho. Nilikuwa nakitembeza mfukoni tangu Desemba nikisema kesho nitakishona.

Mlinzi mwenye silaha anakaa ndani. Kulikuwa na nafasi moja, mapokezi ya jengo refu katikati ya Minneapolis, shifti ya mchana, hita ya ukweli, na kiti. Miaka mitatu ya usafi na mwaka mmoja wa kibanda, hakuna aliyewahi kunilipa nikiwa nimekaa. Supavaiza aliniambia nafasi ni yangu nikipita mtihani wa shabaha. Nikifeli naruhusiwa kurudia mara moja, baada ya wiki tatu. Nikifeli tena, nasubiri mwaka mzima, yaani kipupwe kingine chote na miguu yangu yote miwili.

Risasi thelathini, ishirini na nne zikae ndani ya boksi. Mimi niliweka kumi na tisa. Zile kumi na moja ndizo zilizompata yule bwana nyongani.

Aliyenifundisha alikuwa mama mmoja wa Kihmong, kabila la Asia, anayekaa mtaa wa Frogtown, amestaafu kulinda magereza, mfupi kiasi kwamba kwenye shabaha anasimama nyuma yangu juu ya kiboksi cha plastiki ili aone mikono yangu. Nilimwita Kochi. Kiingereza chake na changu vyote vilikuwa vimetoka mbali, vikakutana njiani vimechoka, kwa hiyo hakuna aliyepoteza maneno. Yeye hasa. Neno alilolipenda lilikuwa "tena".

Siku ile niliyofeli hakunifukuza. Watu walipopungua akachukua magazini, kile kibebeo cha risasi, akanigeuzia mgongo, akajaza. Akasema kuna risasi za kweli na risasi za bandia humo, zile za plastiki ambazo hazilii, na mimi sitajua ipi iko wapi. Nipige tu.

Nikapiga. Ikalia. Nikapiga, ikalia. Ya tatu nikabonyeza, ikasema tik, na bastola yenyewe ikainama chini kushoto kama kuku anayedonoa punje. Hakuna mlio, hakuna teke, hakuna kitu. Ni mimi tu na mkono wangu, tumeinama mbele za watu.

"Umeona?" Kochi akauliza.

"Nimeona nini?"

"Risasi haikutoka. Nani ameisukuma chini?"

"Upepo," nikasema.

Tulikuwa ndani ya jengo la zege lisilo na dirisha. Nimekutana na watu wagumu kucheka, lakini Kochi utani wangu aliurudisha bila kuufungua.

"Unaogopa mlio kabla haujafika," akasema. "Kidole kinataka kumaliza haraka, mkono mzima unakisaidia. Triga inarudi nyuma, bastola inaenda chini. Kidole peke yake kitembee. Mkono ubaki umelala."

Nikamwambia basi ninunue risasi nyingi, nizoee mlio. Akatikisa kichwa. Akasema watu wanakuja na maboksi ya risasi, wanapiga kosa lile lile mara mia mbili, wanarudi nyumbani wakiwa hodari wa kukosea. Akanipa risasi kumi kila Jumamosi, basi. Siku nyingine zote mazoezi makavu, bastola isiyo na kitu, mbele ya ukuta, dakika kumi asubuhi na dakika kumi jioni. Hayana gharama, akasema, ila yanachosha roho. Hilo la mwisho alisema kama mtu anayetoa zawadi.

Kuhusu roho alisema kweli.

Tatizo la kwanza, bastola ni ya kampuni, haitoki kazini. Tatizo la pili ni wifi. Wifi alishatangaza siku nyingi kwamba silaha haivuki mlango wake, ana watoto watatu, na akiona hata picha yake atanihamishia kibandani na godoro. Hapo nilikuwa upande wake, ingawa sikumwambia, maana wifi ukikubaliana naye mara moja anaandika.

Kwa hiyo Kochi akaniuzia bastola ya plastiki ya mazoezi, rangi ya bluu kama ndoo. Haina tundu, haipokei risasi, ina triga tu inayosema tik. Ukitaka iseme tena unavuta sehemu ya juu. Nikaileta nyumbani imefungwa kwenye mfuko, nikaiweka mezani mbele ya wifi kama mtu anayeleta posa.

Akaitazama. "Ni nini hii?"

"Ni mdoli, wifi. Angalia rangi yake."

"Rangi naiona. Polisi wa huku akipita dirishani, ataangalia kwanza rangi ipi, ya bastola au ya kwako?"

Kaka, aliyekuwa mlangoni akicheka, akaacha. Nikairudisha bastola kwenye mfuko.

Tukakubaliana hivi: beizimenti, chini ya nyumba, kwenye chumba cha mashine za kufulia, hakuna dirisha. Mlango ufungwe, watoto wasiingie, na nikimaliza mdoli unalala kwenye sanduku lenye kufuli. Wifi funguo moja akakaa nayo yeye. Nikamuuliza ya nini. Akasema ya siku nitakaposahau.

Zoezi la Kochi lilikuwa hivi. Unasimama mbele ya ukuta, unalenga doa. Juu ya bastola, kule mbele karibu na mdomo, unaweka kitu kidogo cha bapa. Unabonyeza triga mpaka iseme tik. Kile kitu kisianguke. Kikianguka, mkono umetikisika, anza upya. Yeye alikuwa anatumia ganda la risasi. Mimi sikutaka ganda la risasi kwenye nyumba yenye mtoto anayeokota kila kitu na kukionja. Nikaingiza mkono mfukoni mwa koti, nikakuta kifungo.

Kifungo cheusi, kipana, kimelala vizuri. Nikakiweka. Nikalenga. Tik. Kifungo kikaruka, kikapiga mashine ya kufulia, kikajiviringisha mpaka nyuma ya boila la maji moto.

Nikapiga magoti, nikakitoa kwa hanga. Nikakiweka. Tik. Kikaruka.

Sitaki kukuchosha kama nilivyochoka mimi. Siku ya kwanza hakikukaa hata mara moja. Siku ya pili hakikukaa. Siku ya tatu kilikaa, nikapumua kwa furaha, kikaanguka kwa pumzi. Na usisahau tunakaa Richfield, ndege zinapita juu ya paa zikitua, nyumba inatetemeka kuanzia vijiko. Nimeweka kifungo, nimetulia, kidole kinaanza kutembea, halafu ndege ya watu mia mbili wanaotoka likizo inapita juu ya kichwa changu. Kifungo chini. Nilitamani niwajue abiria wote kwa sura.

Na juu ya hayo kulikuwa na kaka.

Kaka yangu zamani, alipomaliza kidato cha sita kule nyumbani, alipita mafunzo ya jeshi ya lazima. Miezi michache. Mimi shule niliishia la saba, zamu ya kusoma ikaenda kwake, na sisemi kwa kinyongo, nasema ili ujue anazungumza na mimi kutokea ghorofa ya ngapi. Alikuwa anashuka beizimenti na kikombe, anakaa kwenye ngazi, anafundisha.

"Shika pumzi. Afande wetu alikuwa anasema shika pumzi, ukate."

"Kochi amesema nipumue kawaida."

"Kochi wako alipita jeshi?"

"Alilinda magereza miaka ishirini, kaka. Wewe ulipiga risasi ngapi?"

Akanywa chai. "Tatu."

"Zilienda wapi?"

"Sasa hilo ni swali la nini. Porini. Lakini nilivyolala pale chini, afande mwenyewe alinisifu mkao."

"Kwa hiyo ulisifiwa kulala."

"Shika pumzi," akasema.

Na siyo yeye peke yake. Jumapili baada ya ibada wenzetu wa kanisani walinizunguka. Watu wana digrii, wanatengeneza kompyuta na kuhesabu vidonge hospitali, hakuna hata mmoja aliyewahi kushika bastola, na wote wanajua kosa langu. Mmoja anasema nifumbe jicho la kushoto. Mwingine anasema la kulia. Mama mmoja akaniambia nile ndizi, zinatuliza mkono. Nikala ndizi wiki nzima. Kifungo hakikuwa na habari na ndizi.

Jumamosi ya kwanza kule Oakdale, lilipo jengo la shabaha, nikampelekea Kochi mkono wangu. Risasi kumi. Sita ndani, nne nyongani. Kwenye zile za bandia bado nilikuwa nadonoa. Nikaanza kumweleza habari za ndege, boila na ndizi.

"Unaongea kabla ya risasi," akasema. "Na kidole chako kinafanya hivyo hivyo. Kinataka kufika kabla ya wakati. Tena."

Nilirudi na mabasi mawili na hasira moja. Nikashuka beizimenti sijavua hata viatu. Kifungo juu, tik, chini. Kifungo juu, tik, chini. Wifi akaingia na kapu la nguo. Akaweka kapu juu ya mashine, akasimama mikono kiunoni, akaangalia kama mara tano.

"Wewe hubonyezi kwa kidole," akasema. "Unabonyeza na mkono wote mpaka kiwiko."

"Wifi, na wewe tena? Basi tuite na mchungaji."

"Mimi sijui bastola na sitaki kuijua. Najua dirisha la jikoni ulilosafisha jana. Ile chupa ya dawa ulikuwa unaikaba hivyo hivyo. Kama unaua mende."

Akanionyesha. Mkono wake ukafumba wote kwa pamoja, vidole vyote vinne na kiganja, na kifundo kikashuka chini kidogo. Paa. Paa. Kisha akachukua kapu lake akaanza kupakia nguo, kama mtu ambaye hajasema kitu.

Nikaangalia mkono wangu.

Miaka mitatu. Kila usiku wa kazi ghorofa nne za vioo, na supavaiza wa usafi anatembea na saa. Tulifundishwa: puliza mara mbili, futa, songa. Chupa unaishika yote, unaifumba kwa nguvu, na unaielekeza chini ili dawa isikurudie usoni. Chini, na mimi huwa nasafisha kuanzia kulia, kwenda kushoto. Kumbe sikuwa naogopa mlio tu. Kila Kochi alipoweka bastola mkononi mwangu, mkono ulikuwa unaona chupa. Yule bwana wa kwenye karatasi sikuwa nampiga risasi. Nilikuwa namfuta.

"Wifi," nikasema.

"Usinishukuru, nitaanza kukuona mgonjwa."

Nikapanda jikoni nikachukua chupa tupu ya kupulizia, nikajaza maji. Wazo lilikuwa hili: kama chupa ndiyo iliyoniharibu, chupa hiyo hiyo initengeneze. Nibonyeze kwa kidole kimoja, vidole vingine vimelala, taratibu kiasi kwamba isipulize. Chupa ukiibonyeza polepole sana haitoi ukungu. Inatoa tone. Ukikosa subira tu, pssh.

Pssh ya kwanza ilimpata wifi begani. Ya pili ilipata shuka zilizotoka kukauka.

"Ukuta uko kule," akasema.

Kuanzia hapo nyumba nzima ikawa na matone. Kila kioo nilichopewa nikisafishe nilikisafisha kwa tone moja moja, dakika ishirini kioo cha bafuni. Mtoto mkubwa wa kaka, ambaye Kiswahili anakisikia ila anajibu kwa Kiingereza, akaniuliza kama nimeumia. Nikamwambia hapana, najifunza. Akauliza najifunza nini. Nikasema kuwa mvivu. Akaenda kumwambia baba yake kwamba shangazi amepata kozi nzuri na yeye anataka.

Chupa nikaipeleka hadi kibandani, nikawa naibonyeza chini ya meza magari yakiwa hayapiti. Ilipofika saa nne asubuhi maji yakawa yameganda. Nakaa na chupa ya barafu mkononi, hita imechagua mguu wa kushoto, upepo unaingia pale kifungo kinapotakiwa kuwa, na kifungo chenyewe kiko Richfield juu ya mashine ya kufulia kinapumzika. Nilicheka peke yangu mpaka dereva wa lori akapunguza mwendo aone kama niko salama.

Lakini kifungo kikaanza kukaa.

Siyo ghafla. Mara moja katika kumi. Kisha mara tatu. Nikagundua kwamba nikiacha kusubiri tik, tik inakuja yenyewe na kunikuta sina habari. Nikiisubiri, mkono unakumbuka chupa. Na tik ikishasikika, usiachie kidole haraka, kibaki nyuma kidogo, kirudi taratibu, maana nilikuwa naangusha kifungo hata baada ya kazi kwisha, kwa haraka ya kujipongeza. Jumamosi ya pili, nane ndani, mbili nje. Kochi akasema tena. Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, kifungo kilikaa mara kumi mfululizo. Ya kumi na moja ilipita na ndege, na kikabaki, kinatetemeka tu kama mtu mzima anayezuia chafya.

Nilipiga kelele ya kumwita wifi. Akafungua mlango wa juu. "Nini kimeungua?"

"Kimekaa."

"Basi na wewe kaa," akasema, akafunga mlango.

Jumamosi ya mtihani kaka alinipeleka Oakdale kwa gari. Niliomba basi. Alikataa. Njia nzima mdomo wake haukufungwa, mkao, jicho, afande, pumzi. Tulipoipita Maplewood nikamgeukia.

"Kaka."

"Nini?"

"Shika pumzi."

Akawasha redio, akaangalia barabara. Mkono wangu ukapumzika kidogo.

Kochi alikuwa pale na ubao wake wa karatasi. Siku ya mtihani anaandika yeye, na hana mwanafunzi, ana namba tu. Tulikuwa wanne. Nikasimama kwenye laini ya tatu. Magazini tatu, kila moja risasi kumi, kila moja ina muda wake. Vizuia kelele masikioni, miwani, harufu ya baruti ambayo mpaka leo inanikumbusha ndizi.

Magazini ya kwanza, nane ndani. Niliona kwa macho. Magazini ya pili, moja ilitoroka mapema kwenda nyongani, nikajikaza, na kwa kujikaza nyingine ikaifuata. Nane tena. Kumi na sita. Nilihitaji nane katika kumi za mwisho. Nikaikumbuka ile hita ya kibandani, mguu wa kulia, mguu wa kushoto. Nikataka kumwambia jirani yangu utani. Nikajifunga mdomo.

Ya tatu ikaanza. Nikafanya kama niko mbele ya kioo cha bafuni. Tone. Tone. Sikuwa nahesabu. Moja niliiona imekwenda pembeni, nikaiacha iende. Bastola ilikuwa inalia na kunikuta sina habari, ndivyo inavyotakiwa.

Ya nane nikabonyeza, kidole kikatembea, kikafika mwisho, ikasema tik.

Hakuna mlio. Hii haikuwa risasi ya bandia, siku ya mtihani haziwekwi. Ilikuwa risasi ya kweli, imegoma tu, mbovu kutoka kiwandani. Muda unakimbia. Na mimi, badala ya kushughulika, kwa nukta moja nikabaki naitazama bastola. Ilikuwa imesimama pale pale. Haikuinama, haikudonoa. Kifungo kingekuwa juu yake, kingekuwa bado kimelala.

Hilo nililiona mimi, na mtu aliyekuwa amesimama juu ya kiboksi cha plastiki nyuma yangu.

Kisha nikafanya alivyonifundisha: nikapiga kitako cha magazini kwa kiganja, nikavuta sehemu ya juu kwenda nyuma, ile mbovu ikaruka sakafuni, nikaendelea. Tone. Tone. Kengele ikalia nikiwa nimebakiza moja, na moja hiyo Kochi akaniruhusu kuipiga, maana kanuni inasema risasi iliyogoma si kosa la mpigaji, analipwa nyingine. Nikaipiga. Sijui ilienda wapi wakati ule. Macho yalikuwa yamejaa maji, na siyo ya chupa.

Karatasi zikaletwa na waya inayozivuta kutoka mbele. Kochi akapita na kalamu, anaweka alama kila tundu, taratibu kama anayehesabu vidonge. Mimi nilikuwa nahesabu kwa kichwa na kila mara nilipofika kumi na kitu nilikuwa nasahau. Akafika kwenye boksi. Akaandika. Akanigeuzia ubao.

Ishirini na tano.

Nikangoja aseme kitu. Wiki tatu nzima, "tena" tu. Akaokota ile risasi mbovu sakafuni, ile iliyogoma, akaifunga kwenye kikaratasi na kuitia kwenye ndoo ya mbovu. Kisha akasema, "Niliona."

Akaenda laini ya nne.

Nyumbani kaka akatangulia kuingia na karatasi, akaenda moja kwa moja kwenye friji. Ile ya zamani hakuitoa. Akabandika mpya pembeni yake, akasogea nyuma, akainamisha kichwa kama mtu kwenye maonyesho.

"Boksi limejaa," akasema. "Hongera sana, mdogo wangu. Ila hizi mbili za nyongani."

"Kaka."

"Nauliza tu. Bado mna kesi?"

Nikamwacha, nikaenda kutundika koti. Nikalishika mbele, vidole vikagonga kitu kigumu. Kifungo. Kimeshonwa mahali pake, kwa uzi mwekundu, kwenye koti jeusi, mafundo manene ya mtu aliyeshona kwa hasira au kwa haraka kabla sijaamka. Nilikuwa nimelivaa siku nzima, nikalifunga gizani asubuhi, sikuona.

Nikarudi nalo jikoni. "Wifi, hiki nini?"

"Nimechoka kukikanyaga kule chini."

"Lakini nimepita. Naanza Jumatatu ndani. Kuna hita, kuna kiti. Wiki zote zile nikiwa kibandani nakufa hukunishonea, leo naingia ndani ndiyo koti linapata kifungo?"

Wifi akafunika sufuria, akafuta mikono.

"Na hapo ndani," akasema, "kutoka kituo cha basi utafika kwa kupita wapi?"

Kaka naye akageuka kutoka kwenye friji, anisikilize. Nikalivaa koti, nikafunga kifungo, nikaketi kula.